Hamira iliyofundishwa kutengeneza dawa ya malaria

Najua niliahidi sehemu ya tatu ya mfululizo wetu wa hifadhidata, na wapo wanaoisubiri. Nivumilieni. Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikisoma mambo yasiyohusu kazi yangu hata kidogo, na kila ninapokaa kuandika kuhusu hifadhidata akili inarudi kule kule. Afadhali niyatoe kwanza, nipumzike.

Mambo yenyewe ni ya hamira. Naam, hamira hii hii inayouzwa dukani kwa pakiti ndogo, ya kuumulia mandazi na mahamri. Kuna watu walioichukua hamira, wakaiandikia upya sehemu ya maelekezo yake ya ndani, ikaanza kutengeneza malighafi ya dawa ya malaria ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikitoka kwenye mmea. Ilifanya kazi vizuri sana. Halafu ikashindwa, na haikushindwa ndani ya maabara. Hapo ndipo iliponishika, kwa sababu mimi pia nimewahi kuandika programu iliyofanya kazi barabara na ambayo hakuna aliyeitumia.

Tuanze na hamira yenyewe. Ndani ya ile pakiti mna viumbe hai, kila kimoja seli moja tu, ambavyo wanasayansi huviita Saccharomyces cerevisiae. Ukivipa sukari vinaila, vinatoa hewa ya kaboni (hiyo ndiyo inayoumua unga) na pombe. Bibi zetu waliopika busaa walivitegemea viumbe vya namna hii bila kuviona, na hata Ulaya ni hadi miaka ya 1850 na 1860 ndipo Louis Pasteur alipoonyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya kitu kilicho hai. Mwaka 1996 maelekezo yote ya hamira, yaani DNA yake nzima, yalikamilika kusomwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiumbe chochote ambacho seli yake ina kiini, kundi ambalo mimi na wewe na mti wa mwembe tumo. Ni herufi milioni 12 hivi, na jeni kama 6,000. Kwa kuwa herufi za DNA ni nne tu, kila moja inatosha kwenye biti mbili. Piga hesabu: megabaiti 3. Wimbo mmoja wa MP3. Kiumbe kizima kinachojilisha, kinachojizalisha na kinachotupa chapati za maji zilizochachuka, ukubwa wake ni wimbo mmoja.

Kuandika ndani ya hamira kulianza kabla ya kuisoma yote. Mwaka 1978 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza namna ya kuingiza DNA kutoka nje ndani ya seli za hamira. Mwaka 1986 Marekani ikaidhinisha chanjo ya homa ya ini aina ya B iliyotengenezwa na hamira. Wengi wetu tuna uhusiano na hamira ya namna hiyo bila kujua. Lakini kazi hizo za mwanzo zilikuwa za jeni moja: unaingiza jeni moja, unapata protini moja. Kwa lugha yetu, ni kama kunakili kijiprogramu kimoja na kukibandika mahali pengine.

Dawa nyingi za mimea hazikubali njia hiyo. Uchungu wa mwarobaini, harufu ya mdalasini, kwinini ya ganda la mti, hivyo vyote si protini. Ni molekuli ndogo zinazojengwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Kimeng'enya cha kwanza kinampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, kama mafundi kwenye mstari wa kiwanda. Ukitaka hamira itengeneze dawa ya mmea, huna budi kuhamisha mstari mzima wa mafundi, na uwafanye wafanye kazi katika nyumba ambayo hawakuzaliwa.

Sasa malaria. Nimekulia magharibi mwa Kenya, kwa hiyo sihitaji kuelezwa malaria ni nini. Wazee wetu walimeza klorokwini, na mpaka leo ukiitaja watakuonyesha walivyokuwa wakijikuna usiku kucha. Vimelea vikaizoea. Mwaka 1998 Kenya ikahamia dawa za kundi la Fansidar. Vimelea vikazizoea nazo upesi. Mwaka 2004 serikali ikabadilisha sera tena, na kufikia 2006 dawa mpya, artemeta pamoja na lumefantrini, ile ambayo wengi huiita kwa jina la Coartem, ikaanza kupatikana katika hospitali za umma. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi nilipoimeza mara ya kwanza: vidonge 3 asubuhi, 3 jioni, siku 3, na mama akisisitiza nianze na chai ya maziwa mazito. Nilidhani ni kunibembeleza. Baadaye nikajua kwamba dawa ile hufyonzwa vizuri zaidi ikikutana na mafuta tumboni.

Ile artemeta hutengenezwa kutokana na artemisinini, na artemisinini hutoka kwenye majani ya mmea wa jamii ya pakanga uitwao Artemisia annua. Historia yake ni ya China. Wakati wa vita vya Vietnam askari wa kaskazini walikuwa wakiangamizwa na malaria, na tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri uliopewa jina la tarehe hiyo, Mradi 523. Mwaka 1969 mtafiti mmoja wa Beijing, mama Tu Youyou, aliwekwa kuongoza kikundi cha kuchunguza dawa za kienyeji. Walipekua vitabu vya kale na kupima mamia ya mitishamba. Pakanga ilionyesha dalili nzuri, kisha matokeo yakayumba. Ndipo Tu akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, ambaye alielekeza majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa. Hakusema yachemshwe! Tu akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwenye joto la nyuzi 35 hivi, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote katika panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliimeza wao wenyewe. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 2015, akiwa na miaka 84. Nimeshaona hitilafu nyingi za programu zikipatikana kwa njia hiyo hiyo: mtu anarudi kusoma maelekezo ya zamani ambayo kila mmoja alidhani anayajua.

Shida ya artemisinini ni kwamba ni kilimo. Mmea huchukua miezi kadhaa shambani, na majani makavu hutoa chini ya asilimia 1 au karibu na hapo tu. Shirika la Afya Duniani lilipozihimiza nchi mwaka 2001 zihamie dawa zenye artemisinini, mahitaji yalipanda ghafla na shamba haliwezi kuongezwa kwa kubofya kitufe. Kufikia 2005 kilo moja ya artemisinini ilikuwa imepita dola 1,000. Wakulima wakasikia. Si China na Vietnam peke yake, hata kwetu. Mmea ulipandwa Kenya, ukapandwa upande wa Arusha, ukapandwa Kabale kule Uganda, na Athi River kukawa na kiwanda cha kukamua majani hayo. Basi kila mtu akapanda, na kila mtu akavuna. Kufikia 2007 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 200. Mkulima aliyeng'oa mahindi yake kupanda pakanga akabaki na magunia. Wakaacha kupanda. Mahitaji yakapanda tena, na mwaka 2011 bei ikarudi karibu na dola 1,000. Mtu yeyote aliyewahi kulima vitunguu au viazi nchini hii anaufahamu mchezo huo, ila hapa bei ikipanda kuna mtoto anayekosa dozi.

Hapo ndipo anapoingia Jay Keasling, mhandisi wa kemia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mtoto wa shamba wa jimbo la Nebraska. Yeye na wanafunzi wake hawakuanza na malaria. Walikuwa na njia nzuri na walikuwa wakitafuta tatizo la kuitatua, jambo ambalo sisi watu wa programu hatuna haki ya kulicheka. Mwaka 2003 walichapisha makala yaliyoonyesha bakteria wa E. coli waliopewa jeni kutoka kwa hamira na jeni moja ya pakanga, wakatoa amofadini, molekuli ambayo ni hatua ya mapema katika ujenzi wa artemisinini. Desemba 2004 wakfu wa Bill na Melinda Gates ukatoa dola milioni 42.6. Fedha zilipitia kwa kampuni ya dawa isiyotafuta faida, Institute for OneWorld Health, na kazi ikagawanywa kati ya Berkeley na kampuni changa iitwayo Amyris, iliyoanzishwa na Keasling na watafiti wa maabara yake.

Kwa nini waliacha bakteria wakahamia hamira? Sababu inapendeza. Baada ya amofadini kuna kimeng'enya kinachoshika molekuli na kuiwekea oksijeni. Kimeng'enya hicho, kama wenzake wengi wa mimea, hukaa kikiwa kimepachikwa kwenye utando ndani ya seli. Bakteria hana utando wa namna hiyo, hamira anao. Ni kama kuchukua programu iliyoandikiwa mfumo mmoja wa uendeshaji na kujaribu kuiendesha kwenye mfumo usio na maktaba zinazohitajika. Unaweza kuhangaika mwaka mzima. Au unahamia mfumo ulio na maktaba hizo.

Hamira tayari hutengeneza kiungo kiitwacho FPP, ambacho yeye hukitumia kujijengea egosteroli, aina ya mafuta ya kuimarisha utando wa seli zake. Watafiti walifanya mambo matatu. Waliongeza kasi ya mstari unaoelekea kwenye FPP. Wakakipunguza nguvu kimeng'enya kinachoivuta FPP kwenda kwenye egosteroli. Kumbuka, hawakukizima, kwa sababu bila egosteroli hamira hufa. Walikiweka chini ya swichi inayotii kiasi cha methionini ndani ya chungu. Kisha wakaingiza jeni za pakanga: moja ya kugeuza FPP kuwa amofadini, nyingine ya kuigeuza amofadini kuwa asidi ya artemisini, pamoja na msaidizi wake. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha matokeo: hadi miligramu 100 kwa lita. Magazeti yakashangilia.

Sisi tunajua maana ya miligramu 100. Ni programu inayofanya kazi kwenye tarakilishi ya aliyeiandika. Kutoka hapo hadi kiwandani ilichukua miaka 7, na ni miaka hiyo ninayoipenda zaidi, ingawa haikuandikwa sana magazetini. Walibadilisha aina ya hamira waliyoanza nayo. Ile swichi ya methionini wakaitupa, kwa kuwa methionini ni ghali ukiitia kwenye pipa la maelfu ya lita, wakaweka inayotii chumvi ya shaba, ambayo ni ya bei rahisi. Mwaka 2012 walitangaza amofadini ya zaidi ya gramu 40 kwa lita, lakini ile hatua ya kuweka oksijeni ikawa inaua seli: kimeng'enya na msaidizi wake hawakuwa na uwiano mzuri, na kazi ilipokwenda ovyo zilitoka kemikali za oksijeni zinazounguza seli kutoka ndani. Suluhisho likawa kumpunguza msaidizi. Kumpunguza! Kila mtu angedhani aongezwe. Kisha wakagundua kwamba mmea wenyewe unatumia vimeng'enya vingine ambavyo wao hawakuviingiza, viwili kati yake vikiwa vya kuondoa haraka bidhaa ya katikati yenye sumu. Wenzao wa Saskatoon, Kanada, walichangia sehemu muhimu ya ugunduzi huo. Walipoingiza jeni hizo na kumwaga mafuta juu ya chungu ili yafyonze asidi inayotoka, walifika gramu 25 kwa lita. Hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kutoka miligramu 100 hadi gramu 25 ni mara 250.

Keasling aliwahi kukadiria kwamba ukijumlisha kazi ya kila mtu aliyehusika, ilikuwa kama miaka 150 ya mtu mmoja. Nilipoisoma namba hiyo nilikumbuka bosi wangu wa zamani aliyeniuliza kwa nini kuongeza kitufe kimoja kunachukua wiki mbili.

Hapa niruhusuni nichepuke, kwa sababu kuna njia nyingine iliyokuwa ikifanyika wakati huo huo, na kwa mtu wa programu inasisimua pengine kuliko ya Berkeley. Keasling alikuwa na molekuli moja aliyoitaka. Alijua mwisho, akajenga njia ya kufika. Lakini je, kama hutaki molekuli moja? Kama unataka hamira zikuletee mchanganyiko wa molekuli za aina ya mimea, hata ambazo hukuzipanga, halafu uchague?

Mwaka 2009 watafiti wa kampuni iitwayo Evolva walichapisha jibu. Walitumia kromosomu bandia za hamira, kitu kilichovumbuliwa mwaka 1983: kipande kirefu cha DNA ambacho hamira hukitunza na kukigawa kama kromosomu zake nyingine. Ukiwa na kipande hicho unaweza kubeba jeni nyingi kwa mkupuo. Mfano wao ulikuwa flavonoidi, kundi kubwa la molekuli ambalo humo mnatoka rangi nyingi za maua na matunda. Njia ya flavonoidi waliyoichagua ina hatua 7. Kwa hatua hizo walikusanya jeni kutoka vyanzo mbalimbali, kila jeni wakaifungasha kivyake pamoja na swichi zake, kisha wakazichanganya na kuziacha ziungane kwa bahati nasibu. Hamira moja ikapata jeni hizi, jirani yake akapata zile, mwingine akapata nakala mbili za moja na akakosa nyingine. Kundi zima likaingizwa kwa mara moja. Walipochunguza waliwakuta waliofaulu kutengeneza naringenini, kemferoli na kwesetini, bila mtu kuketi kupanga jeni ipi ikae na ipi.

Mnaofanya majaribio ya programu mnaitambua mbinu hii. Ni kuirushia programu data za ovyo maelfu kwa maelfu ili uone kitakachotokea. Haina heshima ya mhandisi anayechora ramani. Lakini mimea yenyewe ilifika kwenye kwinini na kafeini kwa njia isiyo mbali na hiyo, jeni zikijinakili na kukosea kwa mamilioni ya miaka, na kile kilichomkera mdudu kikabaki. Evolva yenyewe haikutajirika. Ilijaribu vanila, ikajaribu ladha ya machungwa, na mwaka 2023 shughuli zake zikauzwa kwa Lallemand ya Kanada, ambayo ni kampuni ya hamira. Ya kuoka mikate.

Turudi kwa malaria. Kampuni ya Ufaransa, Sanofi, ilichukua kazi ya kuzalisha. Hamira ilitoa asidi, na kiwanda chao cha Garessio, Italia, kikaimalizia kuwa artemisinini kwa kemia inayotumia mwanga wa taa kubwa. (Ndani ya jani hatua za mwisho hutegemea jua, Garessio waliwasha stima.) Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba artemisinini hiyo inafaa kutumika kwenye dawa. Kiwanda kilikuwa na uwezo wa tani 50 hadi 60 kwa mwaka, sehemu kubwa ya mahitaji ya dunia nzima. Agosti 2014 dozi milioni 1.7 zilizotoka kwa hamira zilipelekwa nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Na mwaka 2015 Garessio haikuzalisha hata gramu moja.

Bei. Sanofi iliahidi kuuza bila faida na bila hasara, dola 350 hadi 400 kwa kilo. Mradi ulipopangwa, mmea ulikuwa ukifika dola 1,000, kwa hiyo 400 ilikuwa habari njema. Lakini hamira ilipofika sokoni, wakulima walikuwa wamepanda tena, na artemisinini ya majani ilikuwa chini ya dola 250. Mtengenezaji wa vidonge anunue ipi? Mwaka 2016 Sanofi ilikuwa ikiuza kiwanda hicho kwa Huvepharma ya Bulgaria.

Kabla ya hapo kulikuwa na kelele upande mwingine. Kikundi cha ETC Group kilionya tangu mapema kwamba hamira itawanyang'anya riziki maelfu ya wakulima wadogo wa Asia na Afrika Mashariki. Wanasayansi wakajibu kwamba uhai wa mtoto unatangulia. Nimesoma pande zote mbili, na nakiri kwamba nilipoanza nilikuwa upande wa hamira bila kufikiri, kwa sababu ni nzuri. Msimbo mzuri hunipofusha. Sasa naona kwamba kuna swali ambalo halikupata nafasi yake: je, ni kweli tatizo lilikuwa mmea? Mmea ulitoa dawa ya kutosha mara mbili, mwaka 2007 na tena baada ya 2011. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mkulima wa Kabale mapema kiasi gani kitanunuliwa na kwa bei gani, na kushika ahadi hiyo. Hilo ni tatizo la taarifa na mikataba. Halihitaji jeni hata moja. Na wakfu ule ule wa Gates uliolipia hamira ulilipia pia Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kuzalisha mbegu bora za pakanga kwa njia ya kawaida ya kuchanganya mimea. Ramani yao ya jeni za mmea huo ilitoka mwaka 2010. Walicheza kamari mbili kwa wakati mmoja. Silaumu, hata mimi ningefanya hivyo kama ningekuwa na fedha zao.

Wengine watakumbuka vidonge vya nembo ya jani la kijani, vilivyouzwa hapa kwa shilingi 40 chini ya mpango wa kimataifa wa ruzuku miaka ya 2010 hadi 2012. Mwenye duka la dawa kijijini kwetu aliziita "za jani". Kwa mgonjwa, ruzuku ile ilishusha bei kuliko teknolojia yoyote niliyoieleza hapa.

Hata hivyo hamira haikulala. Mwaka 2015 kikundi cha Christina Smolke wa Stanford kiliifanya itoe tebaini na haidrokodoni, dawa za maumivu za ukoo wa kasumba, kwa kuiwekea jeni zaidi ya 20 kutoka mimea, bakteria na hata panya. Kiasi kilikuwa kidogo mno, ungehitaji maelfu ya lita kupata dozi moja, lakini mjadala wa nani atapika kasumba jikoni kwake ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2022 kikundi cha Keasling na wenzake wa Denmark walifika kwenye viungo viwili vinavyounganishwa kuwa vinblastini, dawa ya saratani. Mmea wake asili yake ni Madagaska na mnaujua, ni lile ua la waridi lenye petali tano linalopandwa kando ya nyumba nyingi za Pwani. Ili kupata gramu moja ya dawa hiyo huhitajika zaidi ya kilo 500 za majani makavu. Hamira ile ilifanyiwa mabadiliko 56. Hapo sina mashaka na hesabu yao: kwa dawa adimu namna hiyo, pipa linaweza kulishinda shamba.

Na kuna moja iliyonifanya nifunge tarakilishi nikatoka nje kupunga upepo. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, kule Homa Bay na kaunti nyingine za ziwani, ina kiungo cha kuamsha kinga ya mwili kiitwacho QS-21. Kinatoka kwenye ganda la mti unaoota Chile. Mwaka 2024 Keasling na wenzake, wakiwemo watafiti wa Uingereza, walichapisha hamira inayokitengeneza chote kutokana na sukari. Kiasi bado ni kidogo sana. Mtaona ni wapi nimeisikia sentensi hiyo kabla.

Wakati huo huo Amyris, kampuni iliyozaliwa na mradi wa malaria, iligeukia mafuta ya magari, kisha vipodozi, na Agosti 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Wakulima wa pakanga bado wapo. Na vimelea navyo vipo kazini: Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi wa vimelea vinavyoanza kuistahimili artemisinini, iwe imetoka kwenye jani au kwenye pipa.

Mama bado ana pakiti ya vidonge kwenye droo ya kabati la vyombo. Nilipoenda nyumbani mwezi uliopita niliitazama kujua artemisinini yake ilitoka wapi. Haikuandikwa.

Haya, sehemu ya tatu ya hifadhidata inakuja wiki ijayo, stima ikikubali.